Anayetaka Kusoma Kuhusu Fahamu Aanzie Samunge

Vijana wa Arusha wameanza kuuliza swali ambalo kizazi changu hakikuthubutu kuliuliza hadharani: nisome kitabu gani kinieleweshe fahamu ya binadamu, na hizi dawa zinazosemwa kuibadilisha? Wanaliuliza wanafunzi wa vyuo vya Tengeru na Makumira. Wanaliuliza waongoza watalii waliokaa na wageni kando ya moto wa kambi, wakasikia habari za LSD na uyoga wa Mexico. Wanaliuliza hata machalii wa kijiweni, waliochoka kuambiwa kwamba kila kinachogusa kichwa ni uhuni. Wazee wakilisikia hukunja uso, wakidhani muulizaji anatafuta stimu. Mimi nalichukulia kuwa swali zito. Anayetaka kujua kwa nini yeye ni yeye, na kwa nini kitu kidogo alichokimeza kinaweza kumfanya ajione mwingine, anauliza jambo ambalo dini, tiba na falsafa zimelihangaikia tangu enzi na enzi.

Kinachonikera ni orodha za vitabu wanazopewa. Karibu zote zinaanzia Basel, zinapita California, zinaishia London. Vimo vitabu vizuri, nami nitavitaja hapa chini. Lakini mtu aliyezaliwa chini ya Mlima Meru akianzia huko atafundishwa, bila yeyote kumwambia waziwazi, kwamba fahamu ni habari ya watu wengine na kwamba kwao hakukuwa na la kusimuliwa. Atasoma mamia ya kurasa kuhusu mtu aliyelazwa na watafiti kwenye sofa huko Baltimore akiwa amefunikwa macho, asijue kwamba mwaka 2011, ndani ya mkoa wake mwenyewe, watu wasiohesabika walipitia jambo linalopaswa kusomwa sambamba na hilo.

Nazungumzia kikombe cha Babu. Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kanisa la Kiinjili la Kilutheri, aliishi Samunge, Loliondo, wilaya ya Ngorongoro. Alisema Mungu alimwonyesha ndotoni mti wa kutibu maradhi sugu: ukimwi, kisukari, saratani, shinikizo la damu, pumu. Mizizi ya mti ule ilichemshwa, maji yake yakagawiwa kikombe kimoja kwa kila mtu, kwa shilingi 500. Kufikia Machi 2011 magari yalikuwa yamepanga foleni ya kilomita nyingi kwenye vumbi, watu wakilala humo ndani siku kadhaa, wagonjwa wakibebwa mgongoni. Walikuja Wakenya, wakaja mawaziri, wengine wakaja kwa helikopta. Mwasapila aliaga dunia mwezi Julai 2021.

Mti wenyewe hauna miujiza kwa kuutazama. Wasonjo huuita mugariga, Wamaasai olamuriaki, na wataalamu wa mimea wanaujua kwa jina la Carissa. Ni kichaka chenye miiba, maua meupe yenye wekundu kwa mbali, yanayonukia, na matunda madogo yanayoanza mekundu yakaiva meusi. Watoto wachungaji huyala njiani, na utomvu mweupe ukawanata midomoni. Umeota kwenye makorongo na kandokando ya mashamba katika sehemu kubwa ya mkoa huu. Aliyetaka mizizi yake angeweza kuchimba karibu na kwake asubuhi, akachemsha na kunywa kabla ya chai. Lakini Babu alisema dawa inafanya kazi ikitolewa kwa mkono wake, palepale Samunge, na watu wakamwelewa mara moja. Wachache walimwuliza kwa nini.

Kikombe kile hakikuwa na kilevi. Hakuna aliyeona maruweruwe. Hata hivyo walirudi watu wengi wakisema miili yao imebadilika, maumivu ya miaka yamewatoka, hofu ya kifo imewaachia. Na wapo walioacha dawa za kufubaza virusi vya ukimwi wakiamini wamepona, wakafa. Yote mawili ni kweli, na atakayeshika moja tu akaacha jingine hataielewa fahamu hata akisoma maktaba nzima.

Ndiyo maana kitabu cha kwanza ninachompa kijana anayeniuliza si cha kusifu dawa yoyote. Ni "Drug, Set, and Setting", alichokichapisha daktari wa akili Norman Zinberg mwaka 1984. Zinberg alichunguza watumiaji wa heroini ambao, kinyume na matarajio ya wengi, walimudu kazi na familia bila kuzama. Alitaka kujua kwa nini dawa ileile inamwangamiza mmoja na mwingine inamwacha. Jibu lake ni kwamba mambo matatu hufanya kazi pamoja: dawa, mtu anayeitumia na hali aliyonayo moyoni, na mazingira anamotumia, yaani mahali, watu waliomzunguka, na kanuni wanazoshika. Kizazi chake kilikuwa kimeona kwa macho kwamba wanajeshi wengi wa Marekani waliotumia heroini kule Vietnam waliiacha waliporudi kwao. Dawa haikubadilika. Kilichobadilika ni mahali na watu.

Ukimsoma Zinberg huku ukiikumbuka Samunge utaona jambo ambalo hata yeye hakupata bahati ya kuliona kwa kiwango kile: mtu na mazingira vikifanya kazi karibu peke yao, dawa ikiwa imebaki ishara. Safari ya siku tatu kwenye vumbi ilikuwa sehemu ya tiba. Mkono wa mchungaji mzee ulikuwa sehemu ya tiba. Foleni ya maelfu ya watu wenye shida kama yako, nayo ilikuwa tiba.

Sasa mchukue Michael Pollan. Kitabu chake "How to Change Your Mind" cha mwaka 2018 ndicho kilichoamsha hamu ya wengi duniani, na kinastahili sifa yake kwa sababu mwandishi ni mwaminifu na lugha yake ni safi. Anaeleza jinsi mkemia Albert Hofmann alivyoitengeneza LSD kwa mara ya kwanza mwaka 1938 katika maabara ya Uswisi, na jinsi alivyokuja kugundua nguvu yake mwaka 1943. Anaeleza jinsi dawa hizi, ambazo kwa jumla huitwa saikedeliki, zilivyopendwa na madaktari wa miaka ya 1950, zikapigwa marufuku, kisha zikarudi maabara. Kurejea huko kulipata nguvu mwaka 2006, Roland Griffiths na wenzake wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, kulekule Baltimore, walipotangaza matokeo ya utafiti wa psilosibini, kemikali iliyomo katika uyoga ule wa Mexico. Watu 36 walishiriki. Takriban theluthi mbili ya waliopewa psilosibini waliitaja kuwa kati ya mambo matano yenye maana kubwa kuliko yote maishani mwao.

Wengi husoma takwimu hiyo wakashangilia uyoga. Mimi naomba wasome pia ni nani walioshiriki: watu wenye elimu na afya njema, wenye desturi ya ibada au tafakuri, walioandaliwa kwa saa nyingi za mazungumzo kabla ya kupewa chochote, wakalazwa kwenye chumba chenye picha na muziki uliochaguliwa, na wasimamizi wawili kando yao. Psilosibini iliwakuta tayari. Samunge nako kikombe kiliwakuta watu tayari. Sisemi ni jambo moja, kwa sababu psilosibini inaingia kwenye ubongo na kubadilisha kazi ya chembe zake kwa njia inayopimika, na mugariga haifanyi hivyo. Nasema sehemu moja ya habari ni ileile, na sisi tuna ushahidi wake mlangoni petu.

Sayansi yenyewe bado haijafika mwisho. Australia iliruhusu madaktari wa akili kutumia psilosibini na dawa nyingine iitwayo MDMA kwa wagonjwa maalumu kuanzia Julai 2023. Mwaka mmoja baadaye, Agosti 2024, mamlaka ya dawa ya Marekani ilikataa kuidhinisha MDMA kwa waathirika wa kiwewe, ikitaka utafiti zaidi. Mwenye kukuambia kwamba mambo yamekwisha kuthibitishwa anakuuzia kitu.

Turudi nyumbani, maana kipo kitabu ninachokipenda kuliko vyote hivi. "The Church of Women" cha Dorothy Hodgson kilichapishwa mwaka 2005. Ni kitabu cha anthropolojia kuhusu wanawake wa Kimaasai wa Tanzania na Kanisa Katoliki, na ukikitazama jalada hutadhani kwamba kina la kukuambia kuhusu fahamu. Kinalo tele. Hodgson anaeleza habari ya orpeko, ugonjwa wa kupagawa. Kuanzia miaka ya 1950, wanawake wa Kimaasai katika sehemu kadhaa za Tanzania walianza kupagawa. Mwanamke alitetemeka, akapoteza hamu ya kula, akaanguka, akanena maneno yasiyo yake. Wanaume hawakuugua, au waliougua walikuwa wachache mno. Laiboni, yaani mganga wa Kimaasai, hakuweza kuuondoa ugonjwa huo. Kilichouondoa ni ubatizo.

Hebu fikiria maana yake. Mume hataki mkewe aende kanisani, kwa kuwa kanisa ni la wageni na wanawake wanaokusanyika bila wanaume wana mambo yao. Lakini mkewe anaanguka, anatetemeka, watoto wanalia, na kila jirani anajua dawa ni moja tu. Mume anaruhusu. Mwanamke anabatizwa, anapona, na sasa ana mahali pa kwenda kila Jumapili, ana nyimbo, ana wanawake wenzake. Hodgson anaonyesha kwamba ugonjwa huu ulikuja wakati ambapo wanawake walikuwa wakinyang'anywa nafasi waliyokuwa nayo: ng'ombe waligeuzwa mali ya mwanamume kwenye vitabu vya serikali, fedha zikapitia mikononi mwake, siasa ikawa yake. Mwanamke hakuwa na baraza la kulalamikia, na mwili ukasema.

Hapa ndipo wasomaji wa haraka hukosea. Wanasema: aha, kumbe walikuwa wanaigiza. Hapana. Hodgson hasemi hivyo, wala Arvi Hurskainen, msomi wa Kifini aliyeuandikia ugonjwa huohuo kabla yake. Mwanamke aliyeanguka alianguka kweli. Hakuamua. Fahamu yake ilichukuliwa na kitu ambacho yeye mwenyewe hakukijua jina mpaka wengine walipokitaja. Hilo ndilo linalonishika kila nikifungua kurasa zile: kwamba fahamu ya mtu mmoja inaweza kubeba malalamiko ya kizazi kizima cha wanawake, ikayatoa kwa njia ambayo hakuna mzee wa boma angeweza kuijibu kwa fimbo. Wanasayansi wa ubongo wanaandika kana kwamba fahamu imefungiwa ndani ya fuvu moja. Nendeni Monduli mkasikilize.

Atakayetaka kuendelea na njia hii avuke bahari hadi Unguja, asome kitabu cha Kjersti Larsen, "Where Humans and Spirits Meet", cha mwaka 2008. Larsen alikaa na watu wa mjini Zanzibar wanaoishi na masheitani wa kila kabila: wapo wa Kiarabu, wapo wa Pemba, wapo wa Kihabeshi, na wapo wa kibuki waliotoka Bukini, yaani Madagaska. Hawa wa kibuki ni Wakristo na hunywa brandi. Mwanamke Mwislamu, anayefunga na kuswali, anapandisha kibuki na kunywa brandi mbele ya watu. Sheitani akishuka, mwanamke hana habari ya pombe. Kwa waliokuwepo, aliyekunywa si yeye. Mwanafalsafa akitaka swali gumu kuhusu nafsi, hapo analo: koo ni la nani, na ulevi ni wa nani? Ngoma hizi haziwezi kufahamika kwa neno "ushirikina" linalotupwa kutoka mimbarini, wala kwa neno "utamaduni" linalotumiwa kuwafurahisha watalii.

Huku kwetu mlimani kuna habari ya morani pia. Morani huenda porini kula nyama na kunywa supu iliyochemshwa na magome na mizizi, hasa olkiloriti, ambayo husemwa inaondoa woga na uchovu. Hutokea morani akashikwa na mtetemeko, akafoka, akakakamaa, wenzake wakamshika asijiumize. Paul Spencer aliandika juu ya mtetemeko huu katika "The Samburu" cha mwaka 1965 na tena katika "The Maasai of Matapato" cha 1988. Je, ni supu? Ni nyama? Ni wimbo, hasira, umri? Spencer anatazama zaidi hali ya vijana waliocheleweshwa kuoa na kushikiliwa na wazee, na hoja yake ina nguvu. Kwa sauti ya mwenyeji, kipo "The Worlds of a Maasai Warrior" cha Tepilit Ole Saitoti, mtoto wa Ngorongoro, kilichotoka mwaka 1986. Anasimulia ujana wake mwenyewe bila kuomba radhi kwa mtu.

Kijana mmoja, tulipokuwa tumekaa tukisubiri daladala ya Usa River ijae, alinionyesha simu yake yenye kioo kilichopasuka. "Shikamoo mzee. Hiki kitabu kimenifungua akili." Kilikuwa "The Teachings of Don Juan" cha Carlos Castaneda, cha mwaka 1968. Nikamwuliza amefika wapi. Alikuwa amekimaliza na kuanza cha pili. Nilimwambia ukweli: watafiti wengi waliochunguza vitabu vile wamehitimisha kwamba mganga Don Juan ni wa kubuniwa, na kwamba Castaneda aliuza hadithi kwa jina la utafiti. Aliinamisha kichwa kidogo, kisha akasema, "Basi nipe cha kweli." Nikampa jina la María Sabina.

María Sabina hakubuniwa. Alikuwa mganga wa Kimazateki katika mji wa Huautla de Jiménez, Mexico, aliyetumia uyoga usiku kuwatafutia wagonjwa njia ya kupona. Mwaka 1955 alimruhusu mtu wa benki kutoka New York, R. Gordon Wasson, kushiriki. Wasson akaandika katika jarida la Life mwaka 1957, na dunia ikaijua Huautla. Wakamiminika vijana wa Ulaya na Marekani, polisi wakafuata, wanakijiji wakamlaumu mama yule, nyumba yake ikachomwa moto. Habari zake alizisimulia mwenyewe kwa Álvaro Estrada, Mmazateki mwenzake, aliyezitoa kwa Kihispania mwaka 1977. Tafsiri ya Kiingereza ipo. Nakisisitiza kitabu hiki kwa Arusha kwa sababu huu ni mji unaoishi kwa kumwonyesha mgeni vitu. Tumekwisha kuonyesha ngoma, boma, shanga na kuruka kwa morani. Siku mgeni atakapoomba kuonyeshwa kinachofanyika usiku kilingeni, atakayeitwa kutoa jibu awe ameisoma Huautla kwanza.

Afrika nayo ina dawa kubwa ya aina hii. Iboga ya Gabon ni mzizi unaoliwa katika dini ya Bwiti, na mwenye kuingizwa hulala akisafiri kwa mababu. Kitabu kikubwa juu yake ni "Bwiti" cha James Fernandez, cha mwaka 1982. Ni kinene, kinachosha mahali pengine, lakini ukikimaliza hutasema tena kwamba Afrika haikufikiria habari hizi. Kemikali ya iboga inachunguzwa kwa ajili ya kuwatoa watu kwenye heroini, na imekwisha kuua watu kwa kuuvuruga mwendo wa moyo. Waganga wa Bwiti hawampi mtu peke yake chumbani.

Na bangi? Haiwezekani kuandika juu ya Meru ukaikwepa. Kisimiri, upande wa Arumeru kwenye miteremko ya mlima, imejulikana nchi nzima kwa mashamba ya bangi, na mamlaka ya dawa za kulevya imepanda huko mara kadhaa kufyeka na kuchoma. Kisimiri hiyohiyo ina sekondari ya serikali iliyoongoza taifa zima katika matokeo ya kidato cha sita mwaka 2016. Nataka kijana ayashike yote mawili kwa pamoja, kisha asome "The African Roots of Marijuana" cha Chris Duvall, cha mwaka 2019. Duvall anaonyesha jinsi mmea uliotoka Asia ulivyofika pwani yetu, jinsi Waafrika walivyouvuta kwa viko vya maji vya ubunifu wao, na jinsi watu waliouzwa utumwani walivyovuka Atlantiki wakiwa na ujuzi huo. Anaonyesha pia kwamba mara nyingi bangi ilikuwa ya wafanyakazi waliochoka: wapagazi, wachimba migodi, mabaharia. Kuhusu mirungi, asome "Kenyan Khat" cha Neil Carrier, cha 2007, aone jinsi jani moja linavyokuwa zao halali Meru ya Kenya na kosa la jinai ukivuka mpaka.

Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina mzaha, na adhabu zake zimewafunga vijana wengi. Anayesoma haya ajue hivyo. Ajue pia kwamba si kila kinachoota bure ni cha kujaribiwa. Mnanaha, ule wenye maua meupe ya tarumbeta na tunda la miiba, umejaa majalalani na kando ya mifereji. Unaleta maruweruwe, ndiyo, lakini ni maruweruwe ya sumu: mtu haelewi alipo, moyo unakimbia, mwili unawaka, na wapo wasioamka. Hakuna ufunuo humo. Ili kuijua mimea ya kwetu kwa usalama, "Useful Trees and Shrubs for Tanzania" cha Mbuya na wenzake, cha mwaka 1994, kina michoro mizuri na majina kwa lugha za makabila yetu.

Vya Ulaya na Marekani kuhusu fahamu yenyewe nitavitaja upesi kwa kuwa vinapatikana kirahisi. "The Varieties of Religious Experience" cha William James, cha 1902, hakijazeeka. "Hallucinations" cha Oliver Sacks, cha 2012, kitamwondolea mtu aibu ya kusikia sauti ya marehemu mama yake. "Being You" cha Anil Seth, cha 2021, kinaeleza vizuri jinsi ubongo unavyokisia dunia badala ya kuipokea tu. Cha Huxley nakiruka: "The Doors of Perception" ni kitabu cha mtu mmoja aliyefurahishwa sana na mkunjo wa suruali yake.

Kwa Kiswahili, mlango ni mmoja na umefunguliwa kitambo. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020, alitoa "Nagona" mwaka 1990 na "Mzingile" mwaka 1991. Ni vitabu vyembamba ambavyo wanafunzi wengi wameviogopa kwa sababu havina njia iliyonyooka. Anayesimulia anatembea katika nchi ya ukimya, anakutana na wanafikra waliokufa, akina Socrates, Plato na Nietzsche, anamfuatilia paa asiyeshikika. Wakati haujui mbele wala nyuma. Kezilahabi hakuhitaji uyoga. Alichukua vitendawili, ngano na ngoma, akaviweka mbele ya falsafa aliyosomea Marekani, na akaandika vitabu vinavyomfanyia msomaji kile ambacho wengine wanakitafuta kwenye kidonge. Nakuomba uisome "Nagona" kwa sauti, usiku, bila kutafuta kuelewa sentensi ya kwanza kabla ya kwenda ya pili. Mwalimu aliyekupa maswali ya mtihani juu yake alikudhulumu.

Tazama sasa orodha hii ilivyo. Vitabu vinavyotueleza sisi, karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na bei ya kimoja inaweza kula posho ya mwanafunzi ya wiki kadhaa. Mwanamke wa Kimaasai aliyesimuliwa na Hodgson hawezi kusoma alichosimuliwa, wala mjukuu wake wa kidato cha pili hawezi. Nawaomba wachapishaji wetu, na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakae na wenye haki za "The Church of Women" na kitabu cha Larsen, vitafsiriwe. Naomba Maktaba ya Mkoa wa Arusha iweke rafu moja ya vitabu hivi, na "Nagona" iwemo kwa nakala za kutosha.

Na kwako unayesoma makala haya: wanawake walioponywa orpeko zamani zile ni mabibi sasa, na wengine wametangulia. Kama una bibi wa aina hiyo Monduli, Longido au Kisongo, nenda na daftari, umwamkie, umwombe akusimulie ilivyokuwa, na uandike kwa lugha anayosema yeye.